Ukuta wa Kugeukia

Niliwakabidhi ninyi vijana funguo za duka Jumamosi. Jumatatu nikapita tena kuchukua kanga yangu niliyoisahau nyuma ya mlango, nikakuta mmetundika kioo. Kioo kikubwa, fremu imepakwa rangi ya dhahabu, kwenye ukuta ule wa nyuma ya meza, ili wateja wajitazame wanapojaribu makava ya simu. Kinapendeza, sikatai. Nilichukua kanga yangu nikaaga vizuri nikaondoka. Lakini hasira niliyotoka nayo mlangoni haijaisha mpaka leo, na ndiyo inayoandika hapa.

Mtanivumilia. Shule yangu iliishia darasa la saba, na kuandika nimezoea kuandika ya kwangu tu, jioni, mambo ya siku, yasiyosomwa na mtu. Sina hakika kama yana faida kwenu, maana ninyi mnajua vitu ambavyo mimi sijui hata vinaitwaje. Wala sitaki kuwaonea. Mlikuwa mkiniona nikigeukia ule ukuta kila mteja anapoweka namba yake ya siri, mkacheka, mkadhani ni mambo ya uzee. Sawa. Lakini wiki ile ile nilimsikia mmoja wenu, jina namhifadhia, akimwambia mama mmoja ambaye simu yake iliingiliwa na watu: "Umejitakia, mama." Yule mama akainamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani. Kioo na neno hilo vimekaa pamoja kichwani mwangu. Nitawaeleza kwa nini.

Nilipoingia pale Daraja Mbili duka lilikuwa la kutengeneza redio. Ni ile miaka milango ya biashara ilipofunguliwa, kila mwenye pasipoti akawa mtu wa Dubai, na vitu vikaanza kushuka Arusha ambavyo hata anayeviuza hajui vinawashwaje. Mwenye duka alikuwa Mzee Athumani, mtu wa Tanga, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Nilimpelekea redio ya baba yangu. Akaniambia nimshikie waya alehemu, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka. Nikashika. Alipomaliza akasema mkono wangu umetulia, nirudi kesho kama sina kazi. Sikuwa na kazi. Basi hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, msitafute barua.

Siku ya kwanza kamili alikuja Mama Zuhura, mke wa mfanyabiashara mmoja wa vitambaa. Alikuwa na simu ya mezani ya zile zisizo na waya: kitako kinabaki sebuleni, mkono unatembea nao mpaka jikoni. Alisema simu haina ubovu ila ina uchawi. Kila alichokizungumza na dada yake kuhusu wifi yao kilijulikana mtaani kabla ya magharibi. Alikuwa ameshamfukuza msichana wa kazi kwa ajili hiyo, maana nani mwingine alikuwa anasikia?

Mzee Athumani akamwambia tutakuja kwake. Siku ya pili tulikwenda nyumbani kwake. Mzee alibeba mkono wa simu nyingine ya aina ile ile aliyokuwa nayo dukani, akamwomba mama aongee na dada yake kama kawaida, kisha akanichukua mimi tukazunguka nje ya ukuta, kwenye kichochoro. Akawasha. Tukamsikia Mama Zuhura kama yuko mfukoni mwetu. Akamsema na wifi, hapo hapo, hakumwacha.

Mzee akazima haraka. Nakumbuka alivyozima, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kwa bahati mbaya. Tuliporudi ndani akamwambia, "Mama, ukuta unazuia mwizi wa kuku. Hii sauti yako haina habari na ukuta." Kisha akamwambia amtafute yule binti amwombe radhi. Mama Zuhura, nasema kwa haki, alimtuma mtu siku ile ile. Lakini binti alikuwa ameshapanda gari kurudi kwao upande wa Babati, na kama radhi ilimfikia mimi sijui. Nina nywele nyeupe sasa na bado namfikiria yule binti. Alibeba sanduku lake kwa kosa la mtu aliyekaa Dubai akafunga simu kwenye boksi.

Maana kosa lilikuwa huko. Chini ya betri ya ile simu kulikuwa na swichi ndogo kama punje za mchele, zimepangwa mstari. Ukizipanga kwa namna yako, kitako chako kinaitikia mkono wako tu, jirani mwenye simu kama yako hapati mlio na hapigi kwa laini yako. Kusikilizwa na mwenye redio nzuri hazikuzuia, na mzee alimwambia hivyo wazi, kuwa mambo ya wifi ayapeleke kwa miguu. Ila zilikuwa na kazi yake zile swichi. Na simu zote, zote nilizozifungua mwaka ule, zilishuka zimepangwa namna moja. Muuzaji hakusema. Karatasi ya maelekezo ilikuwa kwa lugha ambazo Daraja Mbili hazisomwi. Halafu mambo yakiharibika, anatafutwa mjinga nyumbani kwa mteja.

Mzee alimpa Mama Zuhura bisibisi ndogo, akamwonyesha swichi, kisha akanigeukia mimi.

"Geukia ukutani."

"Nimekosa nini, mzee?"

"Hujakosa kitu. Ndiyo nataka ubaki hujakosa."

Tukasimama wawili tunatazama ukuta wa watu kama watoto wa shule walioadhibiwa, Mama Zuhura nyuma yetu anahangaika na bisibisi. Njiani mzee akanieleza. Siku mambo yatakapoharibika kwenye nyumba hii, wa kwanza kutajwa ni mfanyakazi, wa pili ni fundi. Fundi awe na uwezo wa kusema "sijui namba yako" bila kumeza mate. Na kama mteja anashindwa, mwelekeze kwa mdomo, rudia hata mara kumi, usimshikie kidole. Dukani akachagua ukuta wa nyuma ya meza, akagongomea msumari wa kutundikia kofia yake, na kuanzia hapo kila mteja alipoweka siri yake sisi tulikuwa tukiutazama ule msumari na ile kofia.

Zilipokuja simu za mkononi tulihama taratibu kutoka redio kwenda huko. Tuliweka mashine ya hewa moto, tukajifunza kusafisha bodi kwa brashi ya meno na spiriti, tukajifunza kuwa simu iliyoanguka kwenye maziwa ni mbaya kuliko iliyoanguka majini. Mzee Athumani macho yakamwishia. Akarudi Tanga kwa watoto wake, na huko ndiko alikozikwa. Aliondoka na kofia. Msumari ukabaki.

Sasa bluetooth. Ninyi mnaiona kitu cha spika na vifaa vya masikioni. Kwetu ilikuja na kwaya. Vikundi vya kwaya vilikuwa vimeanza kurekodi, na wimbo ukishaingia kwenye simu ya mmoja, Jumapili baada ya ibada watu wanasimama nje ya kanisa: nirushie, na mimi nirushie. Mlimani kote ilikuwa hivyo, Wameru na Waarusha, vijana na wenye magongo. Kila mtu aliandika jina lake kwenye simu ili aonekane, Mama Nasieku, Baba Lowassari, Alto Wawili. Na kila mtu aliiacha wazi. Wimbo ukija, simu inauliza, fulani anataka kukutumia kitu, unakubali? Unabonyeza ndiyo. Kukataa ilikuwa kama kuacha kuitikia shikamoo. Na pale ilipotakiwa namba, wauzaji wa vibandani waliwaambia watu wote waweke sifuri nne. Mji mzima na mlima mzima tukawa na ufunguo mmoja, na hakuna aliyeona ajabu.

Neno "mdukuzi" hatukuwa nalo. Tulisema tu mtu ameingia kwenye simu yako. Nilikuwa nikiwaambia wateja wazime bluetooth wakimaliza. Wanaitikia, ndiyo mama fundi. Wakifika kanisani wanawasha. Siwalaumu. Nani anataka aonekane amejifungia kati ya ndugu zake?

Ndipo alipokuja Naserian. Alikuwa mwalimu wa kwaya katika usharika mmoja upande wa Oldonyo Sambu, binti mrefu, sauti ndogo ukimsikia akiongea, na mama yake amekaa pembeni, shuka mabegani. Aliniamkia, akaweka simu yake mezani kama mtu anayeweka kitu kilichokufa.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Jumapili ya mavuno, kama mnavyojua, ibada ikiisha sadaka zinatolewa nje kupigwa mnada: mahindi, maziwa, kuku, mbuzi. Kwaya huimba katikati ya mnada ili watu wasichoke. Siku hiyo simu za watu zikaanza kutetemeka. Naserian anataka kukutumia kitu, unakubali? Wote wakajua ni wimbo mpya. Wakakubali. Ilikuwa picha, na picha yenyewe sitaieleza, ila aliyemo, ambaye si Naserian, hakuwa na nguo. Ziliipokea simu za wazee wa kanisa, za akina mama, za vijana wa kipaimara. Bibi mmoja, nilisimuliwa, alimpa mjukuu wake simu amwongezee sauti, akilalamika kuwa wimbo umegoma kuimba.

Hayo yalitokea wakati matangazo ya ndoa ya Naserian yameshasomwa mara moja. La pili halikusomwa. Baraza la wazee lilikuwa likae Jumamosi inayofuata kuamua kama atengwe na ushirika. Akitengwa, kwaya basi na ndoa ya kanisani basi. Watu wa upande wa mchumba walikuwa wanasubiri kusikia.

Nilimuuliza kama alituma.

"Sikutuma, mama. Lakini watu wote wameona jina langu. Hata mimi ningeliona ningeamini."

Alitaka niifungue simu nitoe ushahidi kuwa haikutuma. Nikamwambia ukweli, ingawa ulimuumiza: simu za aina ile hazitunzi kumbukumbu ya kilichorushwa, na hata zingetunza, mtu anaweza kufuta. Kwa hiyo siwezi kuapa kuwa hukutuma. Ninachoweza kuapa ni kwamba jina lile si mtu. Nikachukua simu yangu mwenyewe, nikageuza jina, nikaandika Naserian, nikamrushia mama yake wimbo. Yule mama alisoma jina la binti yake kwenye simu yake, akamtazama binti aliyekuwa amekaa mikono mitupu, kisha akanitazama mimi. Akasema kitu kimoja kwa Kimaasai. Naserian akanitafsiria: anauliza, kama jina linaweza kuvaliwa na mtu yeyote, kwa nini waliruhusu simu iseme jina?

Mkiwahi kukutana na wanaozitengeneza, waulizeni.

Jumamosi nilikwenda. Nilijiuliza njia nzima mimi ni nani, mtu wa usharika mwingine, wa darasa la saba, kwenda kusimama mbele ya baraza la watu. Walinipokea vizuri. Mwenyekiti wa baraza alikuwa Mzee Loishiye, mkulima wa viazi na ng'ombe, mtu wa heshima, na heshima yake sitaigusa. Walinipa kiti na chai ya maziwa, wakaniruhusu niseme.

Nilieleza nilivyoweza. Nikaona hawanielewi, na mimi mwenyewe nikaanza kutojielewa. Basi nikaomba waziweke simu zao mezani, bluetooth iwe wazi kama Jumapili ile. Nikaandika jina kwenye simu yangu, nikaanza kuwarushia picha ya mbuzi. Simu ya kwanza ikatetemeka, ya pili, ya tatu. Mzee Loishiye anataka kukutumia kitu, unakubali? Chumba kikacheka, wakamwambia mwenyekiti kumbe naye ni mtundu. Mwenyekiti hakucheka sana, lakini alitikisa kichwa kama mtu aliyeona.

Nikadhani yamekwisha. Mzee mmoja mwembamba aliyekaa karibu na dirisha akaniuliza, kwa utaratibu kabisa, "Mama fundi, hili unalijua wewe. Sisi hatulijui. Na simu nyingi za watu wa hapa zimepitia mikononi mwako huko mjini. Jumapili ya mavuno ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nyumbani, nafua. Sikuwa na wa kunishuhudia zaidi ya kamba ya nguo.

Nimejitahidi miaka yote kusema kwa haki, na nitasema: swali lile halikuwa baya. Ningekuwa yeye ningeliuliza. Lakini damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilikuwa nimekwenda kumsaidia mmoja, sasa tumekuwa wawili. Picha ilirushwa na mtu, ikapitia mlango ulioachwa wazi na waliouza mlango, na wanaotakiwa kujitetea ni aliyeibiwa jina na aliyekuja kueleza jinsi jina linavyoibiwa. Nikamkumbuka yule binti wa Babati na sanduku lake.

Aliyezungumza alikuwa Koko Nasieku. Koko ndilo jina la heshima la bibi kwa huku, naye alikuwa mmoja wa wazee wa kanisa, ndiye yule yule wa wimbo uliogoma kuimba. Simu yake aliinunua kwetu.

"Huyu mama namjua," alisema. "Siku niliponunua simu aliniambia weka namba yako, kisha akanipa mgongo akatazama msumari. Nilidhani amerukwa na akili. Nilikaa pale nachagua namba kama nachagua jina la mtoto, na yeye anatazama msumari tu. Mwenye nia ya kuingia kwenye simu zetu angegeuka."

Akanywa chai. Kisha akanitazama mikono.

"Sasa nikuulize. Hapa nimekuangalia. Ulikuwa ukibonyeza, simu moja inalia. Unabonyeza tena, nyingine inalia. Hiki kitu kinatuma kama kipaza sauti, wote mara moja? Au kama anayegawa karanga, mmoja mmoja?"

"Kama karanga, Koko. Mmoja mmoja. Unachagua jina, unabonyeza, unasubiri akubali, unachagua jingine."

"Na lazima ushike mkononi?"

"Lazima. Na uwe karibu, kama kutoka hapa mpaka pale mlangoni. Zaidi ya hapo inakata."

Koko akawageukia wenzake. "Simu zilianza kulia kwaya ikiwa inaimba. Zilikoma kwaya ikiwa inaimba, maana mimi niliendelea kuusikia ule wimbo wao wakati simu zote zimenyamaza. Mwalimu wa kwaya mikono yake ilikuwa wapi?"

Wote walikuwepo. Wote walimwona Naserian mbele ya kwaya, mikono miwili hewani, anaimbisha. Alikuwa ameshawaambia hivyo mwenyewe, wakamjibu kuwa simu ukishaiamuru inatuma yenyewe, kama redio inavyofikia nyumba zote. Hilo ndilo walilokuwa wakiamini, na hawakulitunga wenyewe. Waliambiwa na mtu anayeuza simu kwenye mnada wa mifugo. Mimi nilijua ya karanga, lakini sikujua mikono ilikuwa wapi. Wao walijua mikono, hawakujua ya karanga. Ilitakiwa bibi wa kuchunga mbuzi, aliyezoea kutazama nani ameshika nini, aviweke pamoja.

Yule mzee mwembamba akaniomba radhi palepale, bila kuzungukazunguka. Niliiandika kwangu jioni ile na naiandika na hapa, kwa sababu wanaoomba hivyo ni wachache.

Basi ningependa kuwaambia tukala tukaondoka. Lakini baraza walinong'ona, kisha Mzee Loishiye akasoma uamuzi. Matangazo ya ndoa yataendelea. Na Jumapili usharika utatangaziwa kuwa mwalimu wa kwaya amesamehewa.

Naserian alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mikono mbele.

"Nimesamehewa nini?" aliuliza.

Mwenyekiti akamwambia kwa upole, "Binti yangu, ni neno tu la kufunga jambo. Watu watulie."

"Basi mzee, lifungeni kwa neno lingine. Mkisoma nimesamehewa, nitakuwa nimetuma. Watoto wangu watakuja kuambiwa mama yenu alisamehewa."

Wakamwomba aelewe. Mama yake akamvuta shuka. Hata mimi, niseme ukweli, nilitaka akubali, maana ndoa ilikuwa imeshapatikana mkononi, kwa nini aiachie? Akasema matangazo yasisomwe kabisa mpaka isomwe kuwa hakutuma. Akatoka.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikigombana na watu waliokuwa hawapo. Kusamehewa! Mtu kavuliwa jina lake mbele ya kuku na mbuzi, halafu anapewa msamaha kama zawadi na anatakiwa aseme asante. Na aliyefanya hakuna anayemtafuta. Alikuwa pale pale, hatua chache, kati ya watu wa mnada, anabonyeza jina moja moja huku akiwatazama nyuso. Huenda alinunua na kuku.

Yaliyofuata alinieleza Koko Nasieku alipokuja mjini na chaja iliyoungua. Jumapili ile hawakusoma kitu. Ulipofika wakati wa wimbo wa kwaya, mwenyekiti akatangaza wimbo wa kwaya. Kwaya wakasimama, wote, sauti zote nne. Naserian hakuwa mbele yao. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wageni. Wakasimama kimya kiasi cha wimbo mmoja kuisha. Kisha wakakaa.

"Mimi nimezaliwa kwenye usharika ule," Koko aliniambia. "Sijawahi kusikia wimbo mrefu kama ule."

Jumapili iliyofuata Mzee Loishiye akasimama mwenyewe, hakumwachia mtu mwingine, akasoma kuwa mwalimu wa kwaya hakutuma picha ile, na kwamba baraza lilikuwa limekosea. Akasoma kwa Kiswahili. Kisha akarudia kwa Kimaasai, pole pole, ili wazee wa nyuma wasiseme hawakusikia. Hakulazimishwa kurudia. Ndiyo maana nimesema heshima yake sitaigusa. Matangazo mawili yaliyobaki yakasomwa, na watu wa upande wa mchumba wakaja na ng'ombe wao. Nilialikwa. Kwenye kadi Naserian aliandika kwa mkono, mama fundi uje, na simu uzime.

Aliyerusha hajajulikana mpaka leo. Nilikula pilau ya harusi nikitazama mikono ya watu.

Sasa ninyi. Mambo yamebadilika, najua. Siku hizi wananiambia bluetooth inauliza zaidi na inajificha yenyewe. Lakini juzi tu nilikwenda kwenye nyumba ya wageni moja Olasiti, wamefunga waifai, na neno la siri ni lile lile lililochapwa kwenye kibandiko chini ya kile kifaa, na kibandiko chenyewe kimepigwa picha kikabandikwa mapokezi. Ni zile swichi za punje za mchele, zimevaa nguo mpya. Kifaa kisitoke mezani kwenu mpaka neno la kiwandani libadilishwe, la kuunganishia na lile la kuingilia ndani ya mipangilio, maana ni mawili na watu husahau la pili. Simu ya mteja izimwe bluetooth mbele yake, na mfundisheni kuiwasha na kuizima mwenyewe, mara tatu, mpaka kidole kizoee. Mwambieni jina linalotokea kwenye kioo cha simu ni maandishi tu, liwe la mtu au la waifai ya bure ya hoteli. Kama hakumwona aliyetuma akiwa ameshika, ampigie amuulize. Na simu ikiomba kusasishwa msimwambie aache kwa sababu inakula bando. Wekeni sasisho hapo dukani, kwa waifai yetu, bila kumtoza. Hilo lilikuwa la bure wakati wangu na nikisikia mmelitoza nitakuja.

Na mteja akija simu yake imeingiliwa, msimwambie amejitakia. Nimewahi kukutana na wazembe, sitawadanganya. Yuko aliyeandika namba yake ya siri kwa peni ya wino nyuma ya simu. Hata huyo hakumwomba mtu amwibie. Anayeingia ndiye aliyekosa, na nyuma yake yuko aliyeuza mlango usio na komeo akauita mlango. Yule mama mliyemwinamisha kichwa, kama ameacha namba yake, mpigieni.

Siku yangu ya mwisho mteja wa mwisho alikuwa mzee mmoja wa huku huku Daraja Mbili, simu mpya kanunuliwa na mtoto wake. Aliniomba nimchagulie namba, macho yake hayaoni vizuri. Nikamsomea namba zilivyopangwa kwenye kioo cha simu, moja juu kushoto, sifuri chini katikati, nikarudia, nikarudia tena. Kisha nikageuka. Alichukua muda mrefu. Rangi ya ukuta pale imebanduka kidogo kuzunguka msumari, na kuna alama nyeusi ya duara pale kofia ya Mzee Athumani ilipokuwa ikigusa. Nilisikia anabonyeza, anakosea, anacheka, anaanza upya. Akasema, "Tayari, mwanangu, geuka."

Leo mtu akigeukia pale ataona kila kidole cha mteja, kikubwa na wazi, ndani ya fremu ya dhahabu. Kiondoeni kile kioo. Kiwekeni upande wa mlangoni, makava yataonekana vilevile. Msumari muuache.